Farasi Arobaini na Sufuria ya Pilau

Nyie vijana mnaokuja kuniuliza, "Fundi Mrisho, ninunue mashine ya boti ya nguvu za farasi ngapi?" mnanichekesha kweli. Mtu kasimama mlangoni kwangu hapa Kunduchi, simu mkononi, ananionyesha picha ya mashine mpya inang'aa kama jino la dhahabu. Boti yenyewe hajanionyesha. Ni sawa na kumwendea fundi cherehani ukamwambia nishonee suruali, halafu kiuno umekiacha nyumbani.

Mie nimestaafu sasa. Kilichonistaafisha ni mgongo. Nilikuwaga nabeba mashine za kupachika begani, kutoka majini mpaka kivulini, peke yangu, watu wanatazama. Siku moja mgongo ukasema basi, baba. Nikausikiliza. Lakini midomo haijastaafu, na masikio yangu bado yanasikia propela mbovu kabla boti haijazunguka ncha ya ufukwe. Nimezaliwa Temeke, shule nimeionja tu. Namba nilizozisoma kwa bidii maishani mwangu ni zile zilizogongwa kwenye propela, na ndizo zimenijengea nyumba, bati la msauzi, vigae mpaka chooni. Kuanzia Msasani hadi Mbweni hakuna mashine ambayo haijawahi kukohoa mbele yangu ikapona. Mwenye kubisha aje.

Basi kaeni niwaambie, maana sitaki mtu aje kusema Mrisho kazeeka na siri zake.

Aliyenifundisha ni Fundi Chitanda, Mmakonde, mtu mfupi mwenye vidole kama mizizi ya mhogo. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na yeye propela aliishika vivyo hivyo, anaipapasa macho kayafumba, halafu anakwambia, "Hii imegonga jiwe. Panga la pili limelala." Unapima, kweli limelala. Siku niliyomuuliza pichi ni kitu gani alichukua skrubu, akachukua kipande cha mninga, akaanza kukaza.

"Unaona inavyoingia?"

"Naiona, fundi."

"Ukiizungusha mara moja, inaingia kiasi gani?"

"Kidogo."

"Sasa kamata hii yenye meno mapana. Zungusha."

Nikazungusha. Ile iliingia kwa hatua kubwa, lakini mkono ulinitoka jasho.

"Ndiyo pichi hiyo," akasema. "Propela ni skrubu, maji ni mbao. Pichi kubwa, hatua kubwa, ila mkono uwe na nguvu. Pichi ndogo, hatua ndogo, ila hata mgonjwa anakaza. Sasa niondolee sura yako, nina kazi."

Mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza vizuri kuliko hivyo, isipokuwa mie ninapoirudia.

Kwa hiyo kwenye propela yako kuna namba mbili. Ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ndiyo pichi. Boti nyepesi ya kwenda mbio inataka pichi kubwa. Boti ya mzigo, ya watu na magunia, inataka propela pana yenye pichi ndogo. Utajuaje umekosea? Sikiliza. Pakia mzigo wako wote, fungua mafuta mpaka mwisho. Mashine ikikoroma kama lori la mchanga linalopanda mlima, pichi imezidi. Ikipiga kelele kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi, pichi imepungua. Ukiwa na saa ya kuhesabu mizunguko, nenda kwenye kitabu cha mashine, utaona walioitengeneza wanataka ifike wapi. Lakini ni kwa mzigo wako, jamani! Kujaribu boti tupu ni kujidanganya.

Halafu kuna mguu. Mashine ina mguu mfupi au mrefu, kufuatana na kimo cha ule ubao wa nyuma unapoifungia. Juu ya propela kuna bamba limelala kama sahani. Bamba hilo liwe sawasawa na sakafu ya chini ya boti, au lishuke kidogo tu. Likiwa juu, propela inakunywa hewa, inazunguka bure. Likiwa chini mno, unaburuta chuma majini na kuunguza mafuta. Kuna jamaa mmoja wa Segerea alikuja kununua mashine, kaupima ubao wake kwa mkono, anauonyesha hewani: "Umefika hapa, fundi." Nikamuuliza, "Hapa ukiwa umesimama au umekaa?" Akafikiri. Akaondoka. Akarudi na futi kamba. Huyo nilimheshimu, kwa sababu wengi hawarudi.

Sasa niwape kisa chenyewe, maana hayo mengine hata kwenye simu zenu yamo.

Mnamjua Bi Saumu. Nyie mnamwita Mama, lakini wakati ule alikuwa Bi Saumu mjane, mpishi. Ana boti ndogo ya fiba, ya bluu, na mwisho wa wiki anapakia sufuria zake na shangazi zake anavuka kwenda kisiwani Mbudya kuwauzia chakula watu wanaokwenda kuogelea. Mashine aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imechoka, inazima katikati ya bahari. Pilau inafika imepoa, mafuta yamegandia kwenye wali, watu wanaangalia sufuria halafu wanakwenda kununua chipsi. Sikukuu ya Idi ilikuwa inakaribia, siku ambayo kisiwa kinajaa mpaka mchanga hauonekani. Akipoteza Idi ile, wateja wote wangemhama, na boti angeiuza.

Na mie wakati huo nilikuwa mgane, mke wangu katangulia mbele ya haki, watoto wameshaoa na kuolewa, nyumba kubwa ya vigae nalala peke yangu kama mlinzi. Bi Saumu nilikuwa namtazama. Yeye alikuwa anajua namtazama. Siku moja nikamwambia pale pale ufukweni, mikono imejaa grisi, kwamba nataka kuleta posa.

Hakuona haya wala hakucheka. Alisema, "Fundi, maneno unayo mengi. Nitafutie mashine. Pilau yangu ikifika Mbudya inatoa moshi, posa yako nitaisikiliza. Ikifika imepoa, usiniletee tena habari hizo."

Nilikwenda nyumbani napiga miluzi. Mwanamke gani mwingine anakupa mtihani ambao majibu yake unayo mfukoni?

Tatizo lilikuwa kaka yake, Hamadi. Hamadi ni nahodha, na hapa Kunduchi unajua wanaume walivyo: Jumapili jioni wanashindana boti tupu mbele ya ufukwe, mtu mmoja na mashine yake, na mashine inayoshinda ndiyo wiki nzima inasifiwa kila kijiwe, kila mtu anaitaka. Hivyo ndivyo watu wa hapa wanavyochagua mashine! Kwa boti tupu! Hamadi alikuwa ameazima mashine ya farasi arobaini iliyokuwa inashinda, pamoja na propela yake ya chuma cha pua, ya mbio. Ameshamwambia dada yake hiyo ndiyo ya kununua.

"Farasi kumi na tano?" aliniuliza aliposikia ninachotaka kufunga mie. "Fundi, hiyo si mashine, hiyo ni blenda. Kamsagie juisi."

"Yako inafaa, kaka," nikamjibu, "ila itafutie meli."

Watu wakacheka. Tukakubaliana zijaribiwe zote, Jumamosi asubuhi, kwa mzigo kamili. Zipakiwe sufuria, mkaa, maji, na shangazi. Mbele ya kila mtu.

Jumamosi ufukwe ulijaa kama harusi. Bi Saumu kapika tangu alfajiri, sufuria mbili kubwa za pilau na moja ya mchuzi, zimefunikwa na kuzungushiwa matambara. Hamadi kwanza akazunguka na boti tupu. Jamani, ilikuwa inaruka! Pua juu, maji nyuma yanapasuka kama pazia, vijana wanapiga mbinja. Hamadi kasimama, kofia kaigeuza nyuma. Hata mie nilipiga makofi, kizuri kizuri.

Kisha ukapakiwa mzigo. Shangazi wakaingia, wamevaa jaketi okozi juu ya madira, na wote wakakaa nyuma. Nyuma ndiko kukavu, na nyuma ndiko kuna nahodha wa kupiga naye soga. Sufuria nyuma, tangi la mafuta nyuma, na ile mashine nzito yenyewe nyuma. Hamadi akafungua mafuta.

Mashine ikakoroma. Pua ya boti ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa inatazama mawinguni kama mtu anayeomba mvua. Boti haisogei mbele, inachimba. Ile propela ya mbio ina pichi kubwa, kila mzunguko inataka kupiga hatua ndefu, na mzigo unaishika miguu. Moshi mweusi. Kisha tezi, yaani kule nyuma, ikazama kidogo zaidi na wimbi likaingia, taratibu kabisa, likamkalia Bi Hidaya mapajani.

Bi Hidaya ni shangazi mkubwa. Mwili anao na sauti anayo. "Weee Hamadi! Umenipakia boti au umenipakia beseni?"

"Tulieni, inataka kuamka!"

"Ikiamka mie nitakuwa nimelala chini na kolekole! Rudisha!"

Sufuria ya mchuzi ikateleza, shangazi wawili wakaidaka kwa kanga. Hamadi akarudi. Ufukwe mzima ulikuwa umekaa chini kwa kicheko, na mie, niwaambie ukweli, nilikuwa nacheka kuliko wote. Nikapaza sauti: "Kaka Hamadi, hao farasi arobaini wamekwenda kunywa maji?" Watu wakaangua tena.

Sikilizeni hapa, mashine ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ni mashine ya kiume. Ila kila boti ya fiba nzuri inakuja na kibao cha mtengenezaji kinachosema mwisho wake ni mashine ya nguvu gani, na kile cha Bi Saumu kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu pamoja na boti. Nilikikwangua kwa kucha. Arobaini haikuwemo. Nyie mkipaka boti rangi, kibao kiacheni.

Basi nikaishusha ile kubwa, nikaipachika kumi na tano yangu. Mguu mfupi, bamba sawasawa na sakafu. Nilikuwa nimechuchumaa nakaza vifungio, naimba, kabisa, naimba, ndipo Bi Hidaya alipoinama kukamua dira lake karibu na sikio langu.

"We mwanamume," akanong'ona, "una akili kweli?"

"Za kutosha, shangazi."

"Baba yake Saumu si keshafariki? Babu keshafariki. Sasa siku ya nikahi, walii wa Saumu atakuwa nani?"

Spana ikanitulia mkononi.

Walii ni Hamadi. Ndugu yake wa kiume ni mmoja tu. Huyo huyo niliyekuwa namchekea mbele ya Kunduchi nzima ndiye atakayekaa mbele ya sheikh, ndiye atakayenishika mkono na kusema nimekuozesha. Nikageuka kumtazama. Kakaa peke yake juu ya kamba, kofia kaishusha mpaka machoni, anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Vijana wanapita wanamwambia "Shikamoo farasi." Nikaona wazi: pilau itafika ya moto, Bi Saumu atanisikiliza, nitapeleka wazee wangu, na Hamadi atawaambia wazee wangu kwaherini.

Nyie mnadhani kazi ngumu ni kubeba mashine. Kazi ngumu ni kumwendea mtu aliyenuna.

"Kaka Hamadi," nikamwambia, "mkono wa mashine unakungoja."

"Mie sigusi kitoto hicho. Kipeleke mwenyewe, si wewe ndiye bingwa?"

"Bingwa wa mashine. Mlango wa Mbudya siujui, na maji yanakupwa. Yale matumbawe nani anayajua hapa kama si wewe?"

Hiyo haikuwa sifa ya kubembeleza. Ni kweli. Mie mashine nazijua, lakini kule karibu na kisiwa mawe yamejificha kama mitego ya panya, na Hamadi anapita humo akiwa anavuta sigara. Akatazama maji. Akamtazama dada yake, aliyekuwa anazikaza matambara sufuria zake.

"Propela gani umefunga?" akauliza, sauti ya chini.

"Ya aluminiamu. Ikigonga jiwe inapinda yenyewe, tunainyoosha. Ile ya chuma cha pua haipindi, kipigo kinakwenda moja kwa moja kwenye gia."

"Hilo nalijua."

"Najua unalijua."

Akainuka.

Kabla hatujaondoka nikawapanga abiria. Hili usiliache: mzigo ukae katikati na kuelekea omo, mbele kule, boti ilale sawa kama meza. Bi Hidaya aligoma. "Nikae mbele nirushiwe maji mie?" Nikamwambia shangazi, nyuma umeshalowa tayari, mbele utakauka na upepo. Akanitukana, akahama. Sufuria katikati, mkaa mbele.

Hamadi akaingiza gia. Boti ikaenda, lakini nikasikia mkoromo kidogo, kooni kabisa. Propela iliyokuja na mashine ilikuwa ya matumizi ya kawaida, na shangazi wa Bi Saumu si wa kawaida. Nikamwomba arudi kwenye kina cha magoti. Nikaruka majini, nikachomoa pini, nikaitoa, nikaweka nyingine kutoka kwenye mfuko wangu, pana zaidi, pichi ndogo zaidi. Ndiyo maana nawaambieni kila siku mtu asiende baharini na propela moja. Watu pwani wameshika viuno.

"Fungua sasa, kaka."

Akafungua. Mashine ikaimba! Hakukuwa na mkoromo wala yowe, sauti moja ya duara, kama cherehani iliyopata kitambaa chake. Boti ikasogea mbele ikiwa imelala sawa, haina papara, na maji yakaanza kutuachia njia. Nilimtazama Hamadi usoni. Mtu wa bahari hawezi kuficha. Mkono wake ulikuwa unaisikia.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Nimepunguza pichi."

"Inavuta," akasema. Kisha kwa sauti kubwa, kwa shangazi wote, "Si mnaona inavyovuta? Mbio si kitu! Mzigo unataka mvuto!"

"Leo asubuhi ulisemaje?" Bi Hidaya akamrushia kutoka mbele.

"Asubuhi nilikuwa najaribu."

Nilitaka kusema neno. Mnanijua. Lilikuwa limeshafika kwenye meno, tena tamu. Bi Saumu alinitazama juu ya sufuria, jicho moja tu, nikalimeza pamoja na maji ya chumvi.

Tulipofika kwenye matumbawe Hamadi akapunguza mafuta, akainua mashine kidogo, akapenya. Kushoto jiwe, kulia jiwe, shangazi wanavuta uradi kimyakimya. Akaipitisha boti kama uzi kwenye sindano. Omo ikagusa mchanga mweupe bila mkwaruzo.

Sufuria zikashushwa. Watu walikuwepo kisiwani, waogeleaji, wanasogea kuona. Bi Saumu hakufanya haraka. Akafungua tambara la kwanza, la pili. Akashika mfuniko kwa kanga.

Akaufunua.

Moshi, wallahi! Ukapanda mweupe, mnene, umebeba bizari na karafuu, ukawapiga watu usoni, wakarudi nyuma hatua halafu wakaja mbele wote kwa pamoja na sahani. Shangazi wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama. Bi Hidaya akacheza, dira limelowa, jaketi okozi bado limo kifuani.

Bi Saumu akaweka mfuniko chini. "Fundi," akasema, "ahadi ni ahadi. Nakusikiliza."

Jamani. Mie, Mrisho! Mie ninayeongea mpaka mashine inawaka yenyewe! Sikupata hata neno moja. Nilisimama pale suruali inachuruzika, ile propela niliyoichomoa mkononi, kimya kama nanga.

Hamadi ndiye aliyeongea. Alikuwa ameshapokea sahani ya kwanza, ameshawaeleza waogeleaji wawili namna alivyoamua kutumia kumi na tano. "We Saumu, wapi umeona mtu anaposwa jikoni?" akasema, mdomo umejaa. "Aje nyumbani kwangu na wazee wake, Ijumaa, baada ya swala. Kwa adabu." Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, usisimame kama mlingoti. Shika kamba, boti inaondoka."

Nikaishika kamba.

Nikahi alituozesha yeye, mkono wangu ndani ya mkono wake, akanibana makusudi mpaka vidole vikalia, nami nikasema nimekubali bila kupepesa. Na kumi na tano ile, iliyoiokoa Idi ya Bi Saumu, bado inavuka kila mwisho wa wiki, propela ileile, pana, pichi ndogo. Nyie mkikaa kijiweni kwa Hamadi mtamsikia akieleza jinsi alivyomchagulia dada yake mashine, jinsi yeye peke yake alivyoikataa arobaini wakati wajinga wote wa Kunduchi wanaishangilia. Anasimulia vizuri kweli. Nami huwa nimekaa hapohapo kando yake, natikisa kichwa: ndiyo, kaka, ndivyo ilivyokuwa. Kisha nakwenda nyumbani kula.